Kifungu cha saba cha gemu kilivyonikuta nikiimba wimbo wa tohara

Wakuu, habari za mchana. Vijana, marahaba kabla hamjasema.

Mimi si mtu wa kuandika sana. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya irukeni mwendelee. Ila hiki ninachoandika kimetokea, na waliokuwepo wengine wamo humu wanasoma. Nikiongeza chumvi watanikatiza, nami nawaruhusu.

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na moja, ng'ombe wote wa baba yangu walichukuliwa na wezi. Thelathini na wawili. Baba alifuata nyayo mpaka mpakani, akarudi na fimbo tu.

Nikatolewa shule, nikapelekwa Nyansurura kuchunga ng'ombe wa mtu. Malipo yalikuwa ndama mmoja kwa mwaka. Ndama wa mwaka wa kwanza alikufa.

Nimechunga, nimechoma mkaa, nimeingia kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Tarime pamoja na watu wa mikoa yote, na nikatoka na kifua kizima. Baadaye nikanunua mashine ya kuchomelea. Milango mingi ya chuma unayoiona Mugumu mjini nimeitengeneza mimi. Najisifu, ndiyo. Hakuna aliyenibeba.

Sasa gemu imeingiaje hapo? Subirini.

Miaka sita iliyopita nilianguka kutoka juu ya paa la godauni nikavunjika mguu. Miezi mitano kitandani. Mwanangu Mwita, ambaye ni mpishi kwenye kambi ya watalii karibu na Robanda, akaniwekea gemu kwenye simu ili niache kugombana na kila anayeingia chumbani.

Kwa wasiojua, ni gemu ya vikosi. Watu kumi huku, watu kumi kule, kila upande una boma lake. Mnalinda lenu huku mnavamia la wenzenu. Kila mtu yuko kwake na simu yake, ila mnasikiana sauti.

Nilipoiona tu nikasema hii kazi naijua. Wenzangu wanaicheza, mimi nilishaikimbilia kwa miguu.

Mguu ukapona, gemu ikabaki. Nikaanzisha kikosi changu, nikakiita Manchira kwa ajili ya bwawa letu. Tukafika watu ishirini na watatu. Mimi kiongozi.

Niwatajie watatu tu, wengine hawahusiki na habari hii.

Wa kwanza ni Matiko. Ana duka la vipuri vya pikipiki Tarime mjini. Yeye ni saro yangu, yaani tulitahiriwa mwaka mmoja, siku moja, kisu kimoja. Mtu wa namna hiyo kwetu anaweza kukutukana chochote na ukacheka.

Wa pili ni Sista Tumaini, muuguzi wa serikali, mtu wa Iringa aliyepangiwa kazi huku. Ana adabu mpaka vitani. Utamsikia, "Shikamoo mzee, adui yuko nyuma yako." Nimekufa mara nyingi nikiitikia marahaba.

Wa tatu alijiita Ukuta. Huyu hakuwahi kutoa sauti hata siku moja. Aliandika tu. "Wako watatu kushoto." "Nimebaki mimi, nendeni." Mlinzi wa boma ambaye sijaona mfano wake. Niliwahi kusema mbele ya kikosi kizima kwamba ningekuwa na binti wa kuozesha ningempa huyu dume Ukuta bila kudai hata ng'ombe mmoja. Ukuta akaandika "asante." Basi.

Tukaingia kwenye mashindano ya vikosi vya Kiswahili. Jumapili moja mchana ilikuwa nusu fainali, tukakutana na kikosi cha Dar es Salaam. Watoto wa mjini wana midomo. Tangu mwanzo mmoja wao anasema, "Wazee wa Mara, rudisheni simu za wajukuu mkachunge."

Sikumjibu. Nilimwachia mkono ujibu.

Tuliwafumua. Boma lao tuliliingia mara mbili, letu hawakulifikia hata mara moja, kwa sababu Ukuta alikuwepo.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu, na ni kosa la Mkurya. Mtu wa kabila lingine asingeweza kulifanya.

Gemu ilipoisha, chumba cha sauti kilibaki wazi, wao wanasikia, sisi tunasikia. Matiko akaanza wimbo. Mimi nikaupokea, nikawa ndiye mwimbishaji. Wakurya wote tuliokuwa humo, watu kama saba, tukaitikia. Nilisimama na mguu wangu huu nikaruka.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa tohara.

Niwaeleze msiotoka huku. Msimu wa tohara, vijana wakitoka kukatwa, watu wanawazunguka barabarani wanaimba. Na nyimbo zile zinataja kila kitu ambacho Mungu alikificha chini ya nguo. Zinataja mama wa huyu na baba wa yule. Barabara ile, siku ile, hakuna anayekasirika.

Lakini msimu ukifungwa, na nyimbo zimefungwa. Ukiimba gulioni mwezi usio wake, wazee wanakukalisha kwenye ritongo, ambalo ni baraza letu la kijiji, na unatoa mbuzi. Mimi mwenyewe nimeshakaa upande wa wazee nikamtoza mtu mbuzi kwa kosa hilo. Nilimtoza huku nimekunja uso.

Jumapili ile nilisahau kabisa. Nilikuwa na furaha ya ushindi na mdomo ukatangulia.

Siku mbili baadaye ikaja barua kutoka kwa wasimamizi wa gemu. Malalamiko yamepokelewa. Kifungu cha saba. Nakiandika kama kilivyo maana nimekikariri: "Mchezaji haruhusiwi kutoa maneno, nyimbo, picha au ishara za matusi au za aibu mbele ya wachezaji wengine."

Adhabu ni akaunti kufungwa miezi mitatu. Na ikithibitika kwamba kiongozi ndiye aliyeongoza kosa, kikosi kizima kinafutwa.

Kikosi kizima, wakuu. Watu ishirini na watatu, miaka minne ya jasho, na fainali ilikuwa imebaki wiki mbili.

Niliitwa kujieleza Jumamosi, saa nane mchana, chumba cha sauti.

Matiko akanipigia. "Mura, hao wako Dar. Nani anajua Kikurya pale? Waambie ni pambio."

"Pambio la nani?"

"La kanisa lolote. Wachague wenyewe."

"Na nikiambiwa nifafanue?"

"Sema Bwana ametenda makuu. Si umeshinda? Makuu yametendeka."

Nikamwambia mimi siwezi kumsingizia Mungu wimbo ule. Lakini siwadanganyi, moyoni nilikuwa na ujanja wangu, na niliuona bora kuliko wa Matiko.

Nilikisoma kifungu cha saba nikifuatisha kwa kidole. Nikaona kuna neno aibu. Nikasema hapa ndipo pa kutokea. Aibu lazima impate mtu. Watu wa Dar hawakuelewa neno hata moja. Sista Tumaini hakuelewa. Walioelewa ni wale walioimba, na aliyeimba hawezi kudai ameaibishwa. Kwa hiyo aibu haikumfikia mtu yeyote, na kama haikumfikia mtu, kosa liko wapi?

Mmeona? Darasa la tatu hilo. Nilijipongeza kabisa. Nilitembea uani nikijisemea maneno hayo kama wakili.

Ijumaa, siku moja kabla, nikamweleza mke wangu. Mama Mwita alikuwa anachambua mchicha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna aliyeelewa," akasema.

"Hakuna."

"Na Ukuta?"

"Ukuta unamjulia wapi wewe?"

"Anakaa nyumba ile." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya uani.

Nyumba ile anakaa Bhoke, mke wa mwanangu Mwita.

Wakuu, nilikaa chini kwenye ndoo.

Naona kuna mmoja ameshaandika huko chini kwamba nifupishe. Sifupishi. Ukichoka nenda kapumzike, uzi utaukuta.

Mwita alimwachia mkewe simu ya zamani, akamfundisha gemu, akamwingiza kwenye kikosi changu. Hawakuniambia. Miaka miwili mimi na mkamwana wangu tumelinda boma moja, hatua thelathini kati ya mlango wangu na wake, na mimi namwita dume. Mama Mwita alijua tangu siku ya kwanza. Anasema alikuwa anacheka mpaka anaunguza sufuria.

Na hapo nikaelewa kwa nini Ukuta hakuwahi kutoa sauti.

Kwetu mkamwana na baba mkwe wana mpaka. Haingii chumbani kwangu. Hatuli sahani moja. Nikipita njiani anasogea pembeni, na mimi nikiona yuko kisimani nasubiri amalize. Neno la aibu halipiti kati yetu, hata kwa utani, hata mtu akiwa amelewa. Hili si jambo dogo. Mtu anaweza kuhama nyumba kwa sababu hiyo.

Nami nilikuwa nimemwimbia Bhoke wimbo ule sikioni, wote, na beti za nyongeza.

"Ndiyo maana wiki hii uji wako naleta mimi," mama Mwita akasema. "Hujaona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa naandaa utetezi.

"Na amesema nini?"

"Aseme nini? Anaweza kukwambia nini yeye?"

Kweli. Angeniambia nini? Mkamwana hawezi kuja mbele ya baba mkwe akasema umenivunjia heshima, kwa sababu akitaja tu kosa lenyewe na yeye ameshavunja. Alichoweza ni kunyamaza. Kwenye gemu pia alikuwa hajaingia tangu Jumapili. Nilidhani ameishiwa bando.

Jumamosi saa nane ikafika. Msimamizi alikuwa kijana anaitwa Kassim, sauti nzuri, ya mtu aliyesoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Soma shitaka."

Akasoma. Kisha akasema, "Mzee, sisi hapa hakuna anayejua Kikurya. Tutategemea maelezo yako. Huo wimbo una maana gani?"

Matiko alikohoa humo chumbani. Nakijua kile kikohozi. Kilikuwa kinasema pambio.

Nikasema, "Kijana, huo ni wimbo wa tohara. Unataja sehemu za siri za wazazi wa watu, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Sitautafsiri, maana nikiutafsiri nitakuwa nimeurudia."

Sista Tumaini akasema taratibu, "Jamani mzee, mimi nilikuwa napiga makofi."

Watu wakacheka, hata Kassim. Mimi sikucheka.

Kassim akauliza, "Lakini si ni mila yenu? Kuna mwenzenu ametuandikia kwamba ni nyimbo za furaha, tusizihesabu kama matusi."

Angalieni hapo, wakuu. Mlango uliwekwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo ni mila, ningetoka, kikosi kingebaki, na watu wa Dar wangeniomba radhi kwa kutoheshimu utamaduni.

Nikamwambia, "Ni mila, ndiyo. Na mila hiyo hiyo inasema wimbo huo una msimu wake na barabara yake. Nje ya hapo ni uchafu, na kwetu unatozwa mbuzi. Anayekwambia ni mila halafu akaacha nusu ya pili anakudanganya. Nilikuwa na hoja nyingine pia, kwamba walioelewa ni walioimba tu. Nayo naiondoa. Alikuwepo mtu anayeelewa na hakuimba."

"Ni nani, mzee? Mlalamikaji hakuweka jina."

"Simtaji. Ni mtu ambaye mbele yake sitakiwi hata kuvua shati. Kwa sheria yenu pimeni wenyewe. Kwa sheria yangu nina kosa. Ila nilioimba nao walinifuata mimi. Wakubwa kwa wadogo, ukiwa kiongozi ukianza, wanaitikia. Nifungieni mimi, kikosi kiacheni."

Matiko akasema, "Wimbo nilianza mimi." Hakuulizwa na mtu. Saro yangu huyo.

Kassim akaomba dakika kumi wakajadiliane. Zilikuwa ndefu kuliko kupanda paa.

Waliporudi akasema hivi. Akaunti yangu inafungwa siku thelathini badala ya miezi mitatu, kwa sababu nimesema kweli mahali ambapo wasingeweza kuijua. Kikosi kinabaki na kitacheza fainali bila mimi. Kwenye jina langu itawekwa alama nyekundu, nikitaka iondolewe niombe baada ya mwaka.

Nikasema asante. Nikazima simu, nikaenda zizi la mbuzi.

Nilichagua jike lenye mimba, si lile kongwe ambalo wengine hutoa. Nikamwambia mama Mwita ampelekee Bhoke, aseme baba amekosa na amejua. Kwetu ndivyo inavyopita, kupitia mtu wa tatu. Mimi nikakaa nyuma ya nyumba nisione.

Mama Mwita akarudi. "Amepokea."

"Vizuri."

"Na amesema ujue, aliyebonyeza ripoti ni yeye."

Mwanzoni ilinichoma, siwafichi. Mtu wa nyumbani kwangu kunipeleka kwa watu wa Dar. Halafu nikawaza. Mdomo wake ulifungwa kwa heshima yangu mimi. Mama mkwe wake anacheka sufuria zikiungua. Mume wake yuko Robanda anakaanga mayai ya wazungu. Akaona pale kwenye gemu kuna mtu wa tatu, kitufe, hakina ukoo na hakina aibu, akakipa ujumbe akiniletee. Na akaulinda mpaka wetu kuliko nilivyoulinda mimi mzee.

Nikamwambia mama Mwita, "Huyo ni Ukuta kweli." Nikanywa uji. Wa asubuhi iliyofuata aliuleta tena Bhoke mwenyewe, akauweka kizingitini kama kawaida, akaondoka.

Fainali ilichezwa mimi nikiwa nje. Siruhusiwi hata kusikiliza chumba cha sauti. Nilikaa uani nanoa panga ambalo lilikuwa limeshanoleka.

Sasa sikilizeni. Kwa kuwa mimi sikuwemo chumbani, na Matiko, ambaye kwa usaro ni baba mkwe wake pia na nilishamweleza, naye aliona aibu akazima sauti ya simu yake, Ukuta kwa mara ya kwanza alifungua sauti. Nilimsikia kutoka dirishani kwake, hatua thelathini.

"Sista, rudi. Rudi nyuma, huyo niachie. Kushoto wangapi? Nimekuuliza wangapi. Msikimbie, simameni nao."

Sikuwahi kumsikia anaongea maneno matano mfululizo tangu aolewe. Ile sauti ni ya mtu wa kuamrisha. Nilihamia upande mwingine wa nyumba kwa heshima, ila polepole.

Tulishika namba mbili. Tulifungwa mwishoni kabisa, boma lao likiwa limebaki kidogo. Namba mbili kwa vikosi vyote vya Kiswahili, na aliyeongoza ni mkamwana wangu. Nimeandika hapa ili hilo lisomwe na watu wengi.

Baada ya siku thelathini Kassim akanipigia. Wanataka niwasaidie kesi za kifungu cha saba kutoka huku kwetu. Wakurya, Waluo, Waikoma, na hata wale wa ng'ambo ya Sirari wanaochanganya lugha. Niliuliza kama wanajua shule yangu imeishia wapi. Akasema wanajua.

Kwa hiyo sasa kesi zinakuja kwangu. Juzi mchimbaji mmoja alimwandikia mwenzake tusi zito, wakasema wao ni watani. Nikauliza maswali mawili tu. Nani mwingine alikuwepo? Na yeye ni mtani wenu? Walikuwepo wanawake wawili walimu wa kutoka mikoa mingine. Basi, ana kosa. Kesi nyingine, neno lile lile, chumba cha watu wawili, wote saro moja. Nikaandika hakuna kosa, waacheni wazee wafurahi.

Nilichojifunza ndicho hicho. Ukipewa sheria ya matusi, usianze kulipima neno. Hesabu kwanza waliomo chumbani, halafu jiulize kila mmoja ni nani kwa mwenzake. Na usiseme hakuna aliyesikia. Aliyenyamaza ndiye wa kuhesabu wa kwanza. Na kama unataka kujitetea kwa mila, itoe yote, usilete nusu inayokufaa.

Wenye kesi kama hizi zilizowakuta kwenye magemu au magrupu wekeni hapa tuzipime. Wenye kejeli nao waandike, nina muda, mvua inanyesha na sina paa la kupanda leo.

Mwisho, kuna aliyeniuliza kwenye uzi mwingine mzee kama mimi nina nini cha kujivunia mpaka nishinde kwenye simu. Ninacho hiki:

Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita.
Karakana ya kuchomelea, Mugumu, mafundi wanne.
Mashine mbili za kusaga.
Shamba heka kumi na nne, Nyansurura.
Ng'ombe arobaini na mmoja. Mbuzi nilikuwa nao kumi na tisa, sasa kumi na nane.
Mke mmoja, mjanja.
Kikosi, namba mbili.
Akaunti moja ya gemu, yenye alama nyekundu. Mwaka umeshapita, sijaomba iondolewe.